Usiku wa maleleji nje ya Fundo

Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa katikati ya shida, nakuandikia kutoka Tibirinzi, Chake Chake, nikiwa hai na mzima. Alhamdulillahi. Hata leo, kabla ya kuwasha injini, mkono wangu hutetemeka. Nasoma Bismillahi mara ya pili ndipo napiga stata.

Baba alituachia mimi na mdogo wangu mashua ya tanga yenye injini ya dizeli ya kizamani. Injini hupozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo hutokea nyuma pamoja na moshi. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiisha, tuliondoka Tanga na magunia ya vitunguu na viazi kwenda bandari ya Wesha, Pemba. Usiku, katika mkondo wa Pemba, upepo ukafa. Maleleji. Tanga likaning'inia.

Nikabonyeza swichi. Ta! Kisha kimya.

Taa ya ndani ilififia karibu kuzimika kila nilipobonyeza. Nikajua umeme unatoka, ila betri imechoka au kuna mahali unazuiwa. Nikasugua vichwa vya betri kwa msasa, nikakaza nati. Ta! Tukafunga betri ya akiba. Ta! Nikashika bisibisi yenye mpini wa mbao, nikaunganisha bolti nene ya solenoidi inayotoka kwenye betri na ile ndogo ya waya wa swichi, pale juu ya stata, ili niiruke swichi. Cheche ziliruka. Stata ikanguruma, injini ikageuka kwa uvivu, isiwake. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na ikizungushwa polepole joto hilo halipatikani.

Mdogo wangu akakimbia kufunga vali ya maji ya bahari. Mwenyezi Mungu amlipe. Injini ikizungushwa muda mrefu bila kuwaka, pampu huendelea kuvuta maji, yakajaa kwenye njia ya moshi, mwisho yakarudi ndani ya silinda. Hapo tungeipoteza kabisa.

Utauliza nanga. Mkondo ule una mahali penye kina cha zaidi ya mita 800. Kamba yetu yote isingefika chini. Maji yalituvuta kaskazini, mawimbi yakitusogeza upande wa visiwa. Misali tuliipita gizani.

Kisha tukausikia mwamba.

Mawimbi yalikuwa yanapasuka nje ya kisiwa cha Fundo. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Sauti ikakua. Baharia wetu mmoja akaanza kulia. Koo likanikauka. Nikawaza watoto. Nikamwaza mama. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba, mama alikaa barazani akimngoja mdogo wake. Hakurudi. Nikasema, Ya Rabbi, usimrudishe mama barazani.

Simu ikashika mtandao. Nikampata mke wangu. Sikuweza kusema mengi. "Tuombeeni." Nikamsikia akimwamsha mama, kisha sauti ya mama mwenyewe: "Soma dua ya Nabii Yunus, mwanangu. Na sisi huku tunasoma Yasini." Simu ikakatika. Nikasoma kwa sauti, machozi yananitoka. Mwamba ulikuwa bado unakuja.

Mdogo wangu akanishika bega. "Kaka, piga tena. Mie nitashika nyaya."

Nikapiga kwa sekunde chache. Akagusa kila kiungo, kuanzia betri. Upande wa chanya wote ulikuwa baridi. Akapeleka mkono chini, akaurudisha kwa ghafla. "Huu unaunguza!" Ulikuwa waya wa hasi, pale unapofungwa kwa bolti kwenye mwili wa injini, mahali mkono haufiki kwa urahisi. Umeme mwingi ukilazimika kupita kwenye kiungo kibovu, hugeuka joto papo hapo, na stata haipati nguvu yake.

Tukachomoa betri. Tukafungua bolti. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu ya kijani. Tochi mdomoni. Spana ikaanguka. Nikaitafuta kwa kupapasa. Tukasugua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza kwa nguvu zote, tukarudisha betri. Sasa povu lilionekana, jeupe.

Bismillahi.

Stata ikazunguka kwa kasi. Injini ikakohoa. Ikawaka. Mdogo wangu akafungua vali, maji yakaanza kutoka nyuma, nami nikageuza usukani kuelekea bahari kuu. Alfajiri tuliswali chomboni. Tulipofika Wesha, mama na mke wangu walikuwa wametutangulia gatini.

Baadaye fundi wa Chake Chake alitupitishia waya mpya mnene, kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye mwili wa stata, akaupaka grisi kila ncha. Tunaufungua na kuusafisha kila msimu unapobadilika.

Pengine shida yako si ya baharini kabisa. Nakuombea, na mama anakuombea, maana nimemwambia ninakuandikia. Na kama ni chombo chako kinachopiga ta kisha kimya, funga vali ya maji, piga kidogo, gusa viungo vyote, na ule wa hasi usiuache. Kikikushinda ukiwa karibu nasi, ulizia kwa manahodha wa Wesha uletwe Tibirinzi. Msasa, spana na waya wa akiba vipo, na mdogo wangu atafuatana nawe hata usiku.