Risiti ya Bodaboda wa Lagangabilili

Kila nikirudi Bariadi hakosekani mtu wa kuniuliza ninafanya kazi gani huko chuoni. Nikisema mhasibu, wanaelewa. Nikisema nasimamia fedha za utafiti, wanauliza kama mimi ni daktari. Shangazi yangu aliwahi kuumaliza mjadala huo mbele ya wageni: "Huyu kazi yake ni kuwanyima maprofesa hela." Wageni wakacheka, nami nikacheka, maana hakuwa mbali sana na ukweli.

Ukweli wenyewe uko hivi. Mtafiti akiandika andiko zuri na mfadhili akakubali kutoa fedha, hapewi yeye mkononi. Hupewa chuo. Mkataba unasainiwa na chuo, akaunti ni ya chuo, na siku mkaguzi akija, anayekaa naye mezani ni chuo. Sasa chukua mtafiti anayetaka kwenda Itilima kesho alfajiri, na upande wa pili weka mkataba wa kurasa 40 ulioandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Katikati yao wapo watu ambao majina yao hayatokei kamwe kwenye makala ya kisayansi: mhasibu, ofisa manunuzi, katibu muhtasi, mtunza ghala, dereva. Mmoja wao akikosea, mradi unaweza kusimama. Na katika mafunzo mengi niliyowahi kuhudhuria, watu hao ndio hawakualikwa.

Kwa hiyo Juni 2024 nilipopewa kazi ya kuwafundisha wenzangu 12 usimamizi wa ruzuku za utafiti, niliomba mambo mawili. La kwanza, dereva na katibu muhtasi wawemo. La pili, tusifanyie hotelini Mwanza, kando ya ziwa, mahali ambapo mkufunzi hutoa mfano wa risiti ya teksi na kila mtu akatikisa kichwa kana kwamba anaijua teksi hiyo. Nilitaka tukae Bariadi, halafu twende vijijini, kule fedha zenyewe zinakotumika. Mradi wetu ulikuwa wa kichocho, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba walikuwa Itilima.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ukitoka Mwanza unapita Magu, unafika Lamadi, unaliacha ziwa nyuma yako na kukata kulia kuelekea Dutwa na Nyakabindi. Mwezi wa Juni ni msimu wa kuuza pamba. Tulipita magunia yamerundikwa nje ya maghala ya vyama vya msingi, na watu wamekaa juu yake wakisubiri zamu ya mizani.

Siku ya kwanza nilianza na maswali matatu ambayo kila mtu wa kazi hii huyabeba mfukoni. Je, gharama hii inaruhusiwa na mkataba? Je, ni ya mradi huu, au ya mwingine? Je, ni kiasi ambacho mtu mwenye busara angelipa? Kisha nikawapa zoezi. Umefika Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima. Gari la mradi limeharibika. Mtafiti msaidizi anachukua bodaboda hadi kijijini kwa shilingi 7,000. Mwenye pikipiki hana mashine ya EFD, hana hata kitabu cha risiti. Ukirudi ofisini utarejesha masurufu kwa kuonyesha nini?

Ofisa manunuzi alisema malipo hayo yasifanyike kabisa. Mhasibu mmoja kijana alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wengi hununua kitabu cha risiti dukani na kukijaza wenyewe usiku. Watu waliangalia meza. Kila mtu mle ndani aliwahi kuiona risiti ya namna hiyo: mwandiko mmoja, kalamu moja, waendesha bodaboda watano.

Dereva wetu, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kuliko sisi wote, akanyoosha mkono. "Mimi namlipa kwa simu," alisema. "Ujumbe unabaki na jina lake, saa na kiasi. Halafu naandika kwenye kitabu cha safari: tumetoka wapi, tumekwenda wapi, namba ya pikipiki. Ila tatizo moja. Anataka elfu saba kamili mkononi, kwa hiyo ada ya kutolea naiweka mimi. Hiyo hairudishwi."

Hapo ndipo mafunzo yalipoanza. Tulitumia saa nzima kwenye ada ya kutolea. Ni fedha ndogo, lakini zidisha kwa wahudumu 60 wanaolipwa kila mwezi kwa miaka mitatu, uone. Inaruhusiwa? Ndiyo, ni gharama ya kufanya malipo. Ni ya mradi? Ndiyo. Kwa nini basi dereva anailipa mfukoni mwake? Kwa sababu siku bajeti ilipoandikwa, hakuna aliyemuuliza. Gharama isiyoandikwa kwenye bajeti haifutiki, hubebwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote mezani.

Siku ya pili tulikwenda kijijini kulipa posho za mwezi. Niliwaambia wenzangu watazame tu, wasiulize. Tulikaa chini ya mti karibu na zahanati, mezani kuna fomu ya malipo: jina, idadi ya siku, kiasi, sahihi. Kwa mazoea, safu ya kiasi ilikuwa tupu. Ilitarajiwa kujazwa baadaye, ofisini, kwa kompyuta, ionekane nadhifu. Wahudumu wakaanza kusaini mmoja mmoja. Wa nne alikuwa mama wa makamo. Alivaa miwani yake, akaipitisha kalamu juu ya mstari wake bila kugusa karatasi, kisha akairudisha kalamu mezani.

"Mwanangu, hapa pako wazi."

Mhasibu aliyekuwa akilipa akamjibu kwa upole kwamba patajazwa, asiwe na wasiwasi, utaratibu ndivyo ulivyo.

"Sina wasiwasi," alisema. "Mimi ni mkulima. Pamba nikiipeleka kwa chama, nasoma mizani kwanza. Karani anaandika. Nasoma alichoandika. Ndipo natia sahihi. Ninyi mnataka nitie sahihi, ndipo mkaandike?"

Watatu waliokwisha kusaini wakarudi mezani, wakasimama nyuma yake.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria semina yoyote nchini anaifahamu karatasi hiyo. Inapitishwa kabla ya chai, unaandika jina, unasaini, inaondoka. Baadaye inaweza kuandikwa siku mbili badala ya moja, au elfu hamsini badala ya thelathini. Si lazima iwe hivyo, na siku ile chini ya mti haikuwa hivyo. Lakini karatasi tupu yenye sahihi ni mlango usio na komeo. Tulijaza safu yote ya kiasi pale pale kwa mkono, na kila mmoja akasoma kabla ya kusaini. Malipo yaliyozoeleka kuchukua dakika 20 yakachukua saa moja na nusu.

Jioni, tukila matobolwa kwa karanga, mmoja wetu alisema yule mama ni mkorofi. Nikawasimulia habari ambayo watoto wa Usukumani tunapaswa kuikumbuka zaidi ya tunavyoikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiuza kwa wafanyabiashara binafsi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima aliona sindano ikicheza, akaambiwa uzito, akapokea fedha. Wengi walijua wanapunjwa, ila kujua peke yake hakulipi. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kusimama kwenye mizani kwa niaba ya mkulima. Kutoka katika juhudi hizo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Paul Bomani. Baada ya Tanganyika kupata uhuru, mtu huyo aliyeanza na mizani ya pamba alikuja kuwa Waziri wa Fedha.

Ukiitazama hivyo, yule mama alikuwa akifanya kazi ambayo jirani zake walikwisha kuipigania kabla hajazaliwa. Alikuwa mpimaji wake mwenyewe. Na kwa mara ya kwanza niliona wenzangu wakiangalia fomu ya malipo kama kitu kinachomlinda anayepokea, mbali ya kumridhisha mkaguzi.

Siku ya mwisho tulizungumzia fedha zinazotulipa sisi. NIH ya Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa umma katika utafiti wa afya, ina kanuni ya miaka mingi: taasisi iliyo nje ya Marekani hupewa asilimia 8 kwa ajili ya gharama zisizo za moja kwa moja, yaani umeme, mlinzi, intaneti, ghala, ukaguzi, na ofisi kama yangu. Vyuo vya Marekani hujadiliana na serikali yao na kupata kiwango chao. Cha Harvard kimefika asilimia 69. Masharti ya uwajibikaji hayapungui kwa kufuata asilimia. Mkataba unaosainiwa Mwanza unadai uangalizi ule ule. Katibu muhtasi aliandika namba mbili kwenye daftari, 8 na 69, akazizungushia duara, asiseme neno.

Nilizikumbuka duara zile Februari 2025, NIH ilipotangaza kwamba vyuo vya Marekani navyo visipewe zaidi ya asilimia 15. Vyuo na majimbo yakakimbilia mahakamani, yakieleza kwamba kwa asilimia 15 maabara zitafungwa, na mahakama ikazuia. Niliamini kila neno la hoja zao. Nilitamani tu kwamba mtu angewahi kuzitoa kwa ajili yetu.

Lakini wakati huo tulikuwa tumeshapata pigo jingine. Januari 20, 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Mradi mmoja tuliokuwa tukishirikiana nao, uliolipwa kwa fedha za USAID, ulipata barua fupi: acheni kazi. Watu waliokuwa kijijini siku hiyo waliitwa kwa simu warudi. Siku 90 hazikuisha. USAID yenyewe ikavunjwa, na Julai 1 shughuli zake zikakoma.

Katika zogo hilo swali moja likawa na thamani ya fedha taslimu: ni kazi gani ilikwisha kufanyika kabla ya amri? Huko Washington kesi ya malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, karibu dola bilioni 2, ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Machi 5 majaji walikataa, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuizuia amri ya kulipa. Huku kwetu swali hilo lilikuwa na sura ya wahudumu waliotembea Desemba na nusu ya Januari bila kulipwa. Katibu muhtasi niliyemfundisha Bariadi ndiye aliyekuwa akitunza jalada lao. Alikuwa na fomu za kila wiki, zenye tarehe, kijiji, idadi ya nyumba na kiasi, zimejazwa kwanza, kisha zikasainiwa. Madai yakaenda na viambatisho vyote. Fedha zilichelewa miezi, lakini zilifika. Katika mradi mwingine wa jirani, ambao fomu zake zilisainiwa zikiwa tupu, wahudumu walikuwa wametembea vivyo hivyo, na hadi leo hakuna anayeweza kuonyesha nyumba ngapi.

Sisemi kwamba jalada zuri liliokoa mradi. Halikuokoa. Mmoja wa wale 12, mhasibu kijana aliyetuambia kuhusu vitabu vya risiti vya usiku, alipoteza ajira mwezi ule ule, kwa sababu mshahara wake ulitoka humo. Sasa anatunza hesabu za chama cha msingi huko Maswa. Mafunzo hayawezi kumlinda mtu dhidi ya kalamu ya rais wa nchi nyingine. Ndiyo maana nikisikia watu wakijadili kwamba serikali zetu zitenge fedha zaidi kwa utafiti, kupitia COSTECH na vyuo vyenyewe, natega sikio. Fedha zinazotoka hazina hata bungeni kwetu zinaulizwa na watu ambao yule mama anaweza kuwapigia kura.

Nilionana naye tena mwishoni mwa mwaka jana. Nilimsalimu, mwadila mayu, akaitikia, kisha akaniuliza kama ile fomu bado tunaitumia. Nikasema ndiyo, na kiasi kinajazwa kwanza. Akauliza: "Nakala yangu iko wapi?" Chama kinampa stakabadhi. Sisi tunaondoka na karatasi zote.

Sasa tunachapisha vitabu vya malipo vyenye karatasi ya kaboni: ya juu inakuja chuoni, ya chini inabaki na aliyelipwa. Katika bajeti ya mradi tunaouomba safari hii nimeviwekea mstari wake, chini ya nauli za bodaboda na juu ya ada ya kutolea. Mfadhili akiuliza kama gharama hiyo ni ya lazima, maelezo ninayo.