Viungo vya Jikoni na Homa ya Mtoto



Mwanamke wa pwani aolewapo bara huenda na kopo lake la viungo. Mimi langu limefika Maseno, mji uliokaa juu ya mstari wa Ikweta, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Humo mna karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari na habasoda, na kila ajaye kutoka Mombasa hunijazia palipopungua.

Majirani zangu Wajaluo wamenifunza kupika mnavu, wenyewe huuita osuga, na kuutuliza uchungu wake kwa maziwa. Nami nimewafunza kumpaka ngege ndimu, thomu na manjano kabla ya kumkaanga, na kuitia chai iliki na mdalasini. Basi tumekuwa watu wa kuombana viungo kama watu waombanavyo chumvi.

Faida za viungo hivi si hadithi tupu. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hata cha mama mja mzito, ikitumiwa kwa kiasi. Mafuta ya karafuu hutia ganzi jino liumalo, ndiyo maana hata matabibu wa meno huyatumia. Pilipili manga ikiandamana na manjano huusaidia mwili kuipokea nguvu ya manjano, na bibi zetu walizichanganya katika mchuzi kabla ya wataalamu kulipima jambo hilo.

Kwa kuwa chai yangu ya tangawizi iliwahi kumtuliza jirani kikohozi, usiku mmoja wa masika alinibishia hodi. Mwanawe, asiyetimiza miaka mitatu, alikuwa anachemka homa. Alitaka tangawizi, na majani ya muarobaini ya kuchemsha. Nilimwambia, “Mama, tangawizi ipo, lakini huku ni kando ya ziwa. Homa ya mtoto huku haingojwi. Twende akapimwe.” Tukaenda. Kipimo kikaonesha malaria, akaandikiwa vidonge vya siku tatu.

Njiani mama yule aliniuliza kwa nini nimeyakataa majani na nikakubali vidonge. Nikamwambia kwamba vidonge vile navyo asili yake ni jani. Ndani yake mna dawa itokanayo na artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake wa China waliitoa katika mmea wa artemisia mwaka 1972, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kilichomo kidongeni kimetolewa, kikasafishwa na kupimwa, tena kimeunganishwa na dawa ya pili. Chai ya mmea huohuo haina kipimo kimoja: kikombe hiki kikali, kile chepesi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa majani hayo.

Wala hapa dini haipingani na zahanati. Mtume (s.a.w.) ameisifu habasoda, na ni yeye huyohuyo aliyetuhimiza tujitibu, akatufunza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Kuitafuta dawa hiyo kwa mwenye elimu yake ni katika kumtii.

Akina mama wenzangu, tuviache viungo vifanye kazi yake: kuleta ladha, kufungua hamu ya chakula, kumliwaza mwenye mafua, kumpa nguvu mzazi kwa uji wa pilipili manga. Tusimpe asali mtoto asiyetimiza mwaka. Mafuta ya karafuu na ya muarobaini tuyaweke mbali na watoto, kwani yakimezwa yanaweza kuwadhuru vibaya. Na homa ikimshika mtoto, hasa sisi tunaokaa maeneo ya malaria, tumpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Chai ya tangawizi tutainywa sisi, tukisharudi.

Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu. Amin.