Skrubu za Ndege ni Amana

Isevya, Tabora

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba tangu umalize Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na kuajiriwa kwenye karakana ya ndege ndogo, unapewa kubadilisha skrubu za paneli tu, nawe unaona umedharauliwa. Mimi niliyeshika bisibisi hadi kustaafu nakuambia kwamba umeaminiwa.

Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyoukuza mji wetu huu, ilitembewa kwa miezi na wapagazi wa Kinyamwezi wenye pembe za ndovu mabegani. Mzigo uliofungwa vibaya alfajiri uliutesa msafara mchana kutwa. Ndege ni vivyo hivyo: ikishapaa, hakuna fundi wa kuikaza paneli iliyolegea.

Soma kisa cha Juni 10, 1990. Ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham iling'oka kioo cha mbele angani, rubani akavutwa nje nusu ya mwili, wenzake wakamng'ang'ania mpaka ikatua Southampton. Alipona. Kioo hicho kilikuwa kimefungwa upya siku moja kabla kwa bolti 90: 84 zilikuwa nyembamba kwa chini ya milimita moja, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Fundi alizilinganisha kwa jicho na zile alizozitoa, na hata hizo alizozitoa hazikuwa zilizoagizwa kitabuni. Kwa hiyo usichague skrubu kwa kuifananisha na ya zamani. Fungua kitabu cha vipuri, soma namba, hakikisha kipuri kina hati yake. Skrubu ya dukani mtaani, hata ing'ae vipi, isipande ndege.

Sasa kazi yenyewe. Chora paneli kwenye kipande cha boksi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke mahali pake, maana urefu hutofautiana, na iliyo ndefu mno yaweza kutoboa waya au tangi la mafuta. Bisibisi iliyolika itakula kichwa cha skrubu, iweke kando. Skrubu iliyoganda ipe mafuta ya kulegeza, kisha uipe muda. Unaporudisha, zianze zote kwa vidole, ndipo ukaze. Nati ya kujikaza yenyewe ikiacha skrubu izunguke kwa vidole mpaka mwisho, imekwisha, badilisha. Wala usiamini kwamba chuma kisichoshika kutu kinafaa kila mahali. Kikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na pengine hakina nguvu inayotakiwa pale. Kitabu ndicho kiamue.

Kinga ya kutu usiipuuze. Wajerumani walipoizamisha meli yao Götzen katika Ziwa Tanganyika Julai 1916, waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nawe, kinga iliyoagizwa ipake kabla ya kufunga. Ikishashika kutu umechelewa.

La mwisho ni zito kuliko yote. Septemba 11, 1991, ndege ya Continental Express ilivunjika angani huko Texas, na wote 14 waliokuwamo wakafa. Zamu moja ilikuwa imetoa skrubu 47 za juu ya mkia, upande wa kushoto, bila kuandika. Zamu iliyofuata haikujua, ndege ikaruhusiwa kuruka. Basi kila unachokifungua kiandike kabla hujaondoka, hata kama unakwenda kula tu. Abiria watasubiri, rubani ataangalia saa, giza litaingia; usitie sahihi yako penye kazi ambayo hujaihesabu. Mkubwa wako akikuhimiza, mjibu kwa adabu, lakini msimamo wako usitikisike.

Ndege hizo ndogo hubeba wagonjwa, walimu na watoto wa watu, na hakuna hata mmoja wao atakayekagua kazi yako kabla ya kupanda. Wamekukabidhi roho zao bila kukujua. Itunze amana hiyo, mwanangu, kwenye skrubu ya kwanza na kwenye ya mwisho.

Mungu akulinde.

Mjomba wako