Pointi Hamsini na Hedhi Isiyokatika

Daktari wa Kenya hahuishi leseni yake ya mwaka bila pointi 50 za mafunzo endelevu. Nchini Uingereza, chuo cha madaktari wa familia kwa miaka mingi kilitumia kipimo hichohicho, 50 kwa mwaka. Kwa idadi, basi, hatupishani. Tunapishana katika swali linaloulizwa baada ya pointi kupatikana. Tangu Desemba 2012 daktari wa Uingereza huthibitishwa upya kila baada ya miaka mitano, na kila mwaka huketi na daktari mwenzake amweleze alichojifunza kimebadilisha nini katika kazi yake. Katika miaka hiyo lazima pia awe ameikagua kazi hiyo mwenyewe. Kwetu, mara nyingi, cheti cha kuhudhuria kinamaliza mazungumzo.

Tazama maradhi ya kutokwa damu ya kizazi isivyo kawaida. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilitoa mpangilio wa sababu zake tisa, ukarekebishwa mwaka 2018: nne ni za maumbile, kama vile faibroidi na saratani, na tano hazionekani kwa picha, kama vile yai kutopevuka, damu kutoganda vizuri, au dawa alizopewa mgonjwa. Mpangilio huo unakaririka asubuhi moja katika ukumbi wa hoteli, pointi zikaandikwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini anayekuja kliniki Jumatatu ni mama anayetumia sindano ya uzazi wa mpango na matone hayakomi, au aliyeacha kuona hedhi miaka mitatu iliyopita na sasa ameona damu. Wa kwanza anahitaji kupimwa mimba na kuelezwa kwa utulivu. Wa pili hapaswi kurudishwa nyumbani na vidonge kabla shingo ya kizazi haijaangaliwa na ukuta wa mji wa mimba haujachunguzwa. Cheti hakituambii daktari aliwatofautisha au la. Mafaili 20 ya wagonjwa wake wa mwaka uliopita yangetuambia: wangapi walipimwa wingi wa damu, wangapi waliingiziwa spekulamu, wangapi walipewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu, kabla ya kutajiwa upasuaji wa kutoa kizazi.

Najua jibu linalokuja: Uingereza wana histeroskopi, kamera ya kuangalia ndani ya kizazi, sisi tuna foleni. Ni kweli, na pengo hilo halizibwi na semina. Hata hivyo, mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya matibabu, unaanza uchunguzi na historia ya mgonjwa, na unaitambua hedhi nzito kwa jinsi inavyomvurugia mwanamke maisha, si kwa mililita. Hayo hayahitaji umeme. Wala Uingereza si pepo: ukaguzi wa kitaifa wa hedhi nzito, ulioanza mwaka 2010 England na Wales, ulikuta wanawake waliofika hospitali bila kutibiwa chochote na daktari wao wa familia, na madaktari wengi huko hulalamika kwamba kikao cha mwaka kimekuwa makaratasi. Lakini kasoro hiyo ya matibabu ilijulikana kwa sababu mtu alikwenda kuitafuta. Hilo ndilo la kuiga, makaratasi yabaki kwao.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda. Daktari mmoja wa hospitali ya kaunti ndogo, mwenye wodi ya uzazi na zamu ya usiku, atakagua mafaili saa ngapi? Ndiyo maana pointi zihamishwe, zisiongezwe: saa moja ya kukagua mafaili na wenzake hapohapo hospitalini ihesabiwe zaidi ya siku nzima ya kusafiri na kusikiliza mihadhara. Na matabibu (clinical officers) wakae meza hiyo hiyo, ingawa baraza lao ni jingine, kwa kuwa vijijini wao ndio humwona mwanamke huyu kwanza, na pengine ndio pekee atakaowahi kuwaona.