Ndoo Tatu na Samaki Arobaini

Ndugu msomaji, ukiingia maabara yetu ya biolojia, upande wa dirishani utaona tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kina cha 50. Piga hesabu, utapata lita 300. Juu yake, kwenye rafu ya mbao, kuna ndoo tatu zilizopandana kama mizigo juu ya basi. Wageni huziona wakacheka. Hawajui kwamba ndizo figo la tangi lile, na kwamba siku moja niliziua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili wakati mwalimu wetu wa biolojia alipotuahidi vifaranga 40 vya tilapia, ngege kama tuwaitavyo huku Kisumu. Tangi lilikuwapo, limejaa vumbi na vitabu vikuukuu. Kichujio ndicho hatukuwa nacho, na bei ya kile cha dukani ilikuwa haishikiki. Mwalimu akatutazama, akasema, "Jua kali wanaunda majiko kwa mabati ya kuokota, nyinyi mtashindwa na ndoo?"

Basi tukaenda jikoni kumbembeleza mpishi, akatupa ndoo tatu za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Tukazitoboa chini kwa msumari uliopashwa moto. Ndoo ya juu tukaitia vipande vya sponji ya godoro lililochakaa, vinase mabaki ya chakula na mavi ya samaki. Mbili za chini tukazijaza yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo akina mama husugulia visigino. Pampu tulipata kwa fundi mmoja wa jua kali, aliyeichomoa kwenye kipoza hewa kilichokufa. Inavuta maji tangini, yanapanda kwa mpira hadi ndoo ya juu, halafu yanachuruzika yenyewe hadi yanarudi kwa samaki. Tulipima kwa saa ya mkononi: ilijaza lita 20 kwa dakika mbili. Hiyo ni lita 600 kwa saa, yaani maji yote ya tangi hupita kichujioni mara mbili kila saa. Tungependa zaidi, lakini mkono mtupu haurambwi.

Usiku wa tatu sponji iliziba. Asubuhi tulikuta sakafu imekuwa ziwa na tangi karibu tupu! Bahati samaki walikuwa bado hawajaletwa. Tukatoboa tundu karibu na ukingo wa ndoo ya juu, tukaweka paipu ya kurudisha tangini maji yanayofurika. Pampu nayo tukaiinua katikati ya tangi, ili hata maji yakimwagika nje, nusu ibaki.

Sasa sikiza, hapa ndipo penye kiini cha habari. Mimi nilidhani kazi ya kichujio ni kuondoa uchafu unaoonekana. Kumbe samaki hutoa amonia, hasa kwa matamvua yake, na amonia haina rangi, wala sponji haiishiki. Wanaoishughulikia ni bakteria wanaojibandika ndani ya vitundu vya yale mawe. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa, nasi huipunguza kwa kubadilisha robo ya maji. Vitabu vya zamani humtaja Nitrobacter kwa kazi hiyo ya pili, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa katika matangi ya maji yasiyo ya chumvi wanaoifanya ni jamaa wa Nitrospira. Bakteria hawa huongezeka polepole. Kichujio kipya huhitaji wiki nne hadi sita kukomaa, ndiyo maana mwalimu alituletea samaki watanowatano.

Haya yote alitufundisha. Niliyaandika daftarini, nikayaacha humo humo.

Siku ya wazazi ilipokaribia, nilichaguliwa kusimama kando ya tangi na kutoa maelezo. Nilitaka ling'are! Jumamosi, peke yangu, nikashusha ndoo, nikachemsha maji, nikayamwagia yale mawe na sponji kama mama anayeosha chupa za mtoto. Nikavianika juani hadi jioni. Niliporudisha kila kitu, vilipendeza kweli. Tena juma lile tuliwalisha samaki mara tatu kwa siku, eti wanenepe.

Jumanne walikuwa juu ya maji wanatweta. Jumatano tuliopoa saba. Kufikia Ijumaa walikuwa wamekufa 23, na rafu ya maonyesho ikafunikwa kwa shuka.

Shule nzima ikanong'ona kwamba mzee anayetunza maabara alimwaga kemikali tangini alipokuwa akisafisha vyombo. Nami, Mungu anisamehe, nilinong'ona pamoja nao. Mzee aliapa kwamba hakufanya hivyo. Nani angemsikiliza?

Jumatatu mwalimu alituuliza swali moja tu. "Kichujio kilisafishwa lini, na kwa maji gani?" Moyo wangu ulidunda du! du! du! Daftari lilikuwa mbele yangu, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Nikainua mkono. Niliposema nilichemsha maji, mwalimu alifumba macho. Hakunichapa wala hakunigombeza. Alisema, "Nenda ukamwambie Mzee."

Nilimkuta nyuma ya maabara anakunywa chai. "Shikamoo Mzee. Ni mimi niliyewaua wale samaki." Nikamweleza habari za bakteria, huku nikitazama viatu vyangu. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Kwa hivyo ule utelezi kwenye mawe ndio uliokuwa ukifanya kazi?"

"Ndio, Mzee."

"Na wewe ulikuwa mmoja wao waliosema ni mimi?"

"Ndio, Mzee."

Akamwaga masalio ya chai, akaingia ndani. Alikaa majuma mawili bila kuitikia salamu yangu.

Tulianza upya na wale 17 waliosalia, tukibadilisha lita 75 za maji kila siku kwa siku kadhaa na kuwapa chakula kidogo sana. Maji ya mfereji tunayaacha kwenye pipa wazi siku nzima ili klorini itoke. Mawe hatuyagusi. Sponji pekee ndiyo tunayokamua, tena ndani ya karai la maji yaliyotolewa tangini. Kila nikipanda stuli kuishusha, Mzee huweka gazeti lake chini na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi ubaoni:

"Kijana, hayo maji ni ya tangi ama ya mfereji?"