Damu ya Ng'ombe wa Bibi

Likizo iliyopita, huko Ipinda, Kyela, ng'ombe wa bibi alitupa mimba. Nikakizika kile kitoto mikono mitupu. Afisa mifugo akaja, akachukua damu shingoni, ikaganda, majimaji ya njano yakabaki juu. Ndiyo yanayopimwa. Kingamwili za IgM zinaonyesha maambukizi mapya, IgG ya zamani. Alishuku Homa ya Bonde la Ufa, ambayo mtu huipata hata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa.

Nikaitazama mikono yangu. Wiki nzima nilijipima joto kimyakimya, bibi asijue.

Majibu: IgG ipo, IgM hakuna. Bibi akasema, "Ndaga fijo."

Mwalimu mtarajiwa wa baiolojia, hizo IgM nilizikariri kwa ajili ya mtihani tu. Jamani, somo langu la kwanza litaanza na glavu.