Kwenda Edinburgh Kutazama Nguo za Kufuma

Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, umejengwa juu ya vilima na kando ya mabonde. Stesheni yake kubwa ya Waverley iko chini bondeni, hata msafiri ashukaye katika treni huona kwanza madaraja na kuta za majumba juu ya kichwa chake, ndipo aone mbingu. Jina la stesheni hiyo limetoka katika riwaya za Walter Scott, na mnara wa kumkumbuka mwandishi huyo, uliogeuka mweusi kwa masizi, umesimama karibu nayo. Si miji mingi iliyokipa kituo chake cha treni jina la kitabu.

Tulifika huko Jumamosi moja ya Januari 2024, sisi pamoja na rafiki yetu, mama mzaliwa wa Bukavu ambaye sasa makao yake ni Glasgow. Safari ya kutoka Glasgow huchukua dakika hamsini hivi. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, wala msomaji asitusifu kwa kuamka mapema, kwa maana katika nchi ile mwezi wa Januari jua huchomoza saa mbili u nusu na kutua saa kumi alasiri. Tulikuwa na kusudi moja tu: kuyaona maonyesho ya nguo za kufuma kwa sufu, yaliyokuwa yamefunguliwa Oktoba 2023 na kufungwa Machi 2024. Yaliitwa kwa majina ya watu wawili waliotukuka katika mambo ya mavazi, Chanel na Westwood.

Rafiki yetu alikuwa na sababu yake. Yeye ni mfumaji. Ufumaji alifundishwa na mama yake, naye mama yake aliupata katika zile nyumba za mafundisho ya wanawake zilizokuwako Kongo na Urundi katika miaka ya 1950, zilizojulikana kwa Kifaransa kama foyers sociaux, ambamo wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Wakazi wa Bukavu hawahitaji kuelezwa faida ya sufu. Mji uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa ziwa Kivu wakati wa usiku haumhurumii mtoto mchanga asiye na kofia.

Sasa, mwenye duka mmoja alikuwa amemwomba rafiki yetu amfumie sweta ishirini za watoto. Uzi angeutoa yeye mwenyewe, malipo yangekuwa paundi 18 kwa kila sweta, na ndani ya kola ingeshonwa lebo ya duka. Alitaka jibu siku ya Jumatatu. Rafiki yetu alifuma njia nzima bila kutazama mikono yake, huku akituambia, «Ndugu yangu, sweta moja ni saa ishirini. Piga hesabu mwenyewe.» Tulipiga. Haikufika paundi moja kwa saa.

Huenda wako wasomaji ambao hawajapata kuikaribia kazi hii. Lugha yetu hutumia neno moja, kufuma, kwa kazi mbili zisizofanana. Mfumaji wa kitambaa hutandika nyuzi nyingi kwenye mtambo, akapitisha nyingine katikati yake kwa kukingama. Mfumaji wa sweta, kinyume chake, ana uzi mmoja tu na sindano ndefu, mbili au nne. Hufanya kitanzi, akapitisha kitanzi kingine ndani yake, na kingine tena, safu juu ya safu. Kwa kuwa nguo nzima ni vitanzi, huvutika na kurudi, ikaufuata mwili kama ngozi ya pili. Na kwa kuwa ni uzi mmoja, ukiukata mahali pabaya na kuuvuta, kazi ya mwezi hufumuka kwa muda mfupi.

Kutoka stesheni tulipanda hadi barabara ya daraja, tukavuka njia kuu ya mji wa kale, kisha tukashika mtaa wa Infirmary upande wa kushoto. Jumba tulilolitafuta huitwa Dovecot, maana yake nyumba ya njiwa. Ni karakana ya mazulia ya ukutani iliyoanzishwa mwaka 1912 pembezoni mwa mji, karibu na nyumba ya njiwa ya kale, nayo ikahamia hapa mwaka 2008. Jumba lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1880 kuwa mahali pa kuogea watu wote, wakati ambapo maskini wengi wa mtaa ule hawakuwa na maji nyumbani. Pale palipokuwa na bwawa la kuogelea sasa pamesimama mitambo ya kufumia, na wageni huwatazama mafundi kutoka kwenye roshani iliyozunguka juu. Tulisimama roshanini hapo kitambo kirefu kuliko tulivyokusudia.

Vyumba vya maonyesho vilikuwa na nguo zaidi ya 150, zilizovalishwa sanamu au kutundikwa ukutani, nyingi zikiwa zimekusanywa kwa miaka mingi na mtu na mkewe, Mark na Cleo Butterfield. Zilikwisha kuonyeshwa London mwaka 2014. Miongoni mwake mlikuwa na nguo za kuogelea za sufu, za zamani zile. Watu waliziingia bahari nazo zikiwa nyepesi, wakatoka nazo zikiwa nzito kwa maji, zikining'inia hadi magotini! Kuziona ndani ya jumba lililokuwa bwawa kulituchekesha.

Gabrielle Chanel alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Saumur, Ufaransa. Mama yake alifariki mwaka 1895, naye akalelewa na watawa wa Aubazine, ambao inasemekana ndio waliomfundisha kushika sindano. Wakati wa vita kuu ya kwanza alichukua kitambaa cha jezi, kitambaa laini kilichofumwa kwa mashine na kutumiwa hasa kwa nguo za ndani za wanaume, akawashonea wanawake matajiri mavazi ya nje. Wengine walishangaa, lakini mwanamke aliyevaa vazi lile aliweza kutembea kwa nafasi, kuinama, na kupanda gari bila msaada wa mtu. Kwa maoni yetu, huo ndio uliokuwa werevu wake, kuliko mapambo yote yaliyomfuata baadaye.

Rafiki yetu hakukaa sana kwa Chanel. «Hii ni mashine,» alisema, akaenda mbele. Aliposimama ni mbele ya sweta za Fair Isle, na hapo ndipo alipoziweka miwani zake.

Fair Isle ni kisiwa kidogo, urefu wake kilomita tano hivi, kilicho peke yake katika bahari ya kaskazini kati ya Orkney na Shetland. Hakina msitu, na upepo wake hauna subira. Wanawake wa huko walifuma michoro ya rangi nyingi, misalaba, nyota na maua ya pembe nane, kwa kanuni moja ngumu: kila safu ina rangi mbili tu, si zaidi. Rangi isiyotumika hupita nyuma ya nguo ikingoja zamu yake. Kwa hiyo nguo huwa na unene wa nyuzi mbili, ikazuia baridi. Wako wanaosimulia kwamba michoro hiyo walifundishwa na mabaharia wa Kihispania, ambao meli yao El Gran Grifón ilivunjika kisiwani hapo mwaka 1588. Meli ilivunjika kweli. Bali habari ya mafundisho yale ni hadithi, na wachunguzi wengi hawaikubali. Mbona watu wapate shida kuamini kwamba wanawake wa kisiwa walibuni kitu chao wenyewe?

Mwaka 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alivaa sweta ya namna hiyo akicheza gofu St Andrews. Tangu hapo kila kijana wa mjini aliitaka. Hata hivyo, biashara ya sufu ya Shetland ilikuwa ya zamani kuliko hapo, na haikuwa nzuri kwa mfumaji. Mwaka 1872 serikali ilipeleka mjumbe visiwani kuchunguza jinsi wafanya kazi walivyolipwa, na wanawake walikuja mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Ilionekana kwamba mfanya biashara aliyepokea shali au soksi hakutoa fedha. Alitoa bidhaa za dukani mwake, kama vile chai na vitambaa. Mwanamke aliyehitaji unga alilazimika kuichukua ile chai na kumtafuta jirani wa kubadilishana naye. Alivaa nguo nzuri na kulala na njaa, kwa sababu duka lilikuwa na nguo na halikuwa na chakula.

Picha za kale zawaonyesha wanawake hao wakirudi kutoka kinamasini, tenga mgongoni lenye mabonge ya udongo mkavu uwashwao kama kuni, na mikono yao ikifuma wakati huo huo. Walifunga kiunoni mshipi wa ngozi wenye vitundu, wakaegemeza humo sindano moja, na hivyo waliweza kufuma wakitembea. Rafiki yetu aliuelewa mshipi ule mara moja. Alituambia kwamba mama yake naye alifuma akiteremka kwenda sokoni, uzi ukiwa ndani ya kikapu kichwani, na kwamba mchuuzi aliyezinunua kofia zake za watoto aliziuza siku ile ile, mita chache tu kutoka pale, kwa bei maradufu.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha miaka ya vita. Uingereza iliweka kipimo cha mavazi kuanzia Juni 1941, na bila vibali hukuweza kununua nguo. Amri hiyo ilidumu hadi mwaka 1949. Watu walifumua sweta kuukuu, wakauosha uzi, wakaukausha na kufuma upya, mara nyingi wakichanganya mabaki ya rangi mbalimbali. Sweta za namna hii zilikuwa na uzuri wa pekee, maana ndani yake ungeweza kuhesabu nguo tatu au nne zilizokwisha kufa. Nazo zilifumwa majumbani, na wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa Vivienne Westwood rafiki yetu alicheka kwa sauti hata mlinzi akageuka. Westwood, aliyezaliwa mwaka 1941 na kufariki Desemba 2022, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajajulikana, na katika miaka ya 1970 aliwauzia vijana wa London sweta zilizofumwa kwa ulegevu, zenye matundu na nyuzi zilizoachwa. «Mimi ningemletea mama kazi kama hii,» alisema, «angeifumua mbele yangu.» Lakini alirudi mara ya pili kuitazama, akainama, akahesabu vitanzi. Aliposimama alikiri kwamba matundu yale yamepangwa na mtu ajuaye kazi, kwa maana hakuna kitanzi kilichokuwa kikikimbia.

Tulikunywa chai humo humo jumbani, na kwenye simu yake akatuonyesha picha anayoipenda. Ni sehemu ya altare ya Buxtehude, iliyochorwa na fundi Bertram karibu na mwaka 1400, nayo imehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Bikira Maria ameketi akifuma kanzu ndogo kwa sindano nne, kwa kuzunguka, kwa namna isiyoacha mshono. Mtoto Yesu amelala majanini na kitabu chake. Malaika wawili wanamjia, mikononi wana msalaba, mkuki, misumari na taji ya miiba. Mwenye kuijua Injili ya Yohane atakumbuka kanzu iliyopigiwa kura, isiyoshonwa tangu juu. Wataalamu nao huipenda picha hiyo kwa sababu nyingine: ni ushahidi kwamba akina mama wa Ulaya walifuma kwa sindano nne karne mbili karibu kabla ya William Lee kuunda mashine ya kufumia soksi, mwaka 1589. Fundi yule, rafiki yetu alisema, lazima alimwona mkewe au dada yake akifuma, kwa kuwa sindano zimeshikwa sawasawa.

Tulipotoka giza lilikuwa limekwisha kuingia, ingawa saa yetu ilionyesha kumi na nusu tu. Katika treni ya kurudi rafiki yetu hakufuma. Alichukua simu akamwandikia mwenye duka, akafuta, akaandika tena, hadi tukapita Falkirk. Mwishowe alitusomea: paundi 60 kwa sweta, uzi ukitoka dukani, na chini ya lebo ya duka, lebo ndogo yenye jina la mfumaji.

Jibu lilikuja Jumanne. Mwenye duka alikubali bei hiyo kwa sweta sita, si ishirini. Kuhusu lebo hakusema neno. Rafiki yetu aliianza ya kwanza jioni ile ile kwa uzi wa zambarau, na lebo sita alikwisha kuziagiza kwa fedha yake mwenyewe.